Vinyonga Vibete: Historia ya Kutambuliwa na Kufugwa Kwao

Kinyonga ni mnyama ajulikanaye sana katika nchi za Afrika ya Mashariki, lakini ajulikanaye kwa sifa chache tu. Husemwa kwamba hubadili rangi, kwamba mwendo wake ni wa kusitasita, na kwamba kila jicho lake hutazama upande wake. Katika hadithi za makabila mengi ya Kibantu yeye ndiye mjumbe aliyetumwa kuwapelekea wanadamu habari ya uzima, akachelewa njiani, hata mjumbe mwingine akatangulia na habari ya mauti. Kwa sababu hiyo, wako watu hata leo wasiokubali kumgusa. Naye mtu asiye na msimamo, aliye leo huku na kesho kule, huitwa kinyonga au lumbwi, na kila asikiaye hufahamu maana yake.

Lakini katika misitu na vichaka vya nchi hizi wako vinyonga wengine ambao si watu wengi waliopata kuwaona. Urefu wao, pua hata mkia, aghalabu haufiki sentimita 10. Rangi yao ni ya jani kavu, na wengine wana mistari ubavuni iliyo kama vishipa vya jani. Mkia wao ni mfupi, hauwezi kujizungusha tawini kama mkia wa kinyonga mkubwa. Mchana hutembea juu ya majani yaliyoanguka, wakitafuta wadudu. Usiku hupanda vijiti vifupi wakalala, nao wakilala huwa weupe, hata mwenye taa huwaona upesi kuliko awaonavyo mchana. Wakishikwa, baadhi yao hutetemeka kwa namna ya kunguruma ndani ya mkono, au huanguka ubavu na kujifanya wamekufa. Hawa ndio vinyonga vibete.

Historia yao katika vitabu ina umri wa zaidi ya miaka 150. Ukiisoma tangu mwanzo, jambo moja hurudi mara kwa mara: kumtambua mnyama huyu na kumtunza ni kazi moja. Kila palipokosewa jina, au palipotumika jina moja kwa wanyama wengi, hasara ilimwangukia mnyama mwenyewe, ama ndani ya sanduku la mfugaji ama katika msitu alimotoka.

Wa kwanza kuandikwa katika upande huu wa Afrika alikuwa yule aitwaye sasa Rieppeleon kerstenii. Mwaka 1868 Wilhelm Peters, mtaalamu wa wanyama wa Berlin, alitoa sifa zake na kumpa jina kwa heshima ya Otto Kersten, Mjerumani aliyefuatana na Baron Karl Klaus von der Decken katika safari ya Kilimanjaro mwaka 1862. Miaka sita baadaye, katika mwaka 1874, Reinhold Buchholz aliandika habari za kinyonga kibete wa Kameruni, aliyeitwa spectrum. Mwaka huo huo Albert Günther wa London aliwaundia wanyama wa namna hii jenasi ya peke yao, akaiita Rhampholeon. Neno kinyonga katika Kiyunani cha kale lina maana ya simba wa ardhini. Günther alilichukua lile la simba, akaliunga na neno la mdomo uliopinda kama wa ndege.

Mwaka 1892 ndio mwaka mkubwa katika habari hii. Leopold Conradt alikuwa amekusanya wanyama huko Derema, katika milima ya Usambara ya Mashariki, palipokuwa na shamba la kahawa la Wajerumani, akawapeleka Berlin. Paul Matschie wa jumba la makumbusho la huko akawafungua, na kati yao akaona vinyonga watatu ambao hakuna kitabu kilichokuwa kimewataja. Mmoja alimwita brevicaudatus, yaani mwenye mkia mfupi. Wa pili alimwita temporalis, jina lihusulo panja. Wa tatu alimwita spinosus, yaani mwenye miiba, kwa kuwa juu ya pua yake pana kitu mfano wa ua dogo la miiba. Hivyo msitu mmoja ulitoa wanyama watatu waliofanana kwa umbo dogo na kutofautiana kwa mengi mengine.

Majina hayo matatu yalikuwa na bahati mbalimbali. Yule wa miiba ana mkia mrefu kuliko wenzake, naye hukaa vichakani zaidi kuliko chini. Kwa muda mrefu, basi, alihesabiwa pamoja na vinyonga wakubwa, na hakuna aliyemdhania kuwa ndugu wa wale wa majani makavu. Na wale wa majani makavu nao walihamishwahamishwa. Wako wataalamu waliowatia katika jenasi ya Brookesia pamoja na vinyonga wadogo wa Madagaska, kwa kuwa wote ni wadogo, wote ni wa hudhurungi, na wote wana mkia mfupi. Udogo ulifanywa kuwa ukoo.

Katika wakati wa utawala wa Kiingereza kazi kubwa ilifanywa na Arthur Loveridge. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1891, akaja Nairobi mwaka 1914 kuwa mtunzaji wa makumbusho, kisha akatumika Tanganyika katika idara ya wanyama wa porini, na mwaka 1924 akaenda chuo kikuu cha Harvard, Marekani. Kutoka huko alirudi Afrika safari baada ya safari. Mwaka 1928 yeye na Thomas Barbour walitoa kitabu cha kulinganisha wanyama watambaao na vyura wa milima ya Uluguru na wale wa milima ya Usambara. Swali lao lilikuwa zuri: je, milima miwili iliyotengwa na nchi kavu ya tambarare ina wanyama wale wale au wanyama mbalimbali? Jibu kamili juu ya vinyonga vibete lilichelewa. Yule wa Uluguru hakupata jina lake mwenyewe, uluguruensis, mpaka mwaka 1996.

Sababu ya kuchelewa huko yafaa ielezwe. Mnyama aliyetiwa katika chupa ya spiriti hupoteza rangi, na rangi ndiyo kitu cha kwanza atazamacho mwanadamu. Hubaki viungo, na viungo hivyo ni vidogo mno. Mtafiti hana budi kutazama kama pana kishimo kwapani au kinenani, kama kucha zina ncha moja au mbili, kama chini ya nyayo pana vimiiba au ni laini. Huangalia tuta lililo juu ya macho, kama limekunjana au limenyooka. Upanga wa mgongo, kama ni wa mawimbi au wa meno. Pua, kama ina kipembe au haina. Na mwisho huangalia viungo vya uzazi vya dume, ambavyo mara nyingi hutofautisha aina mbili zisizotofautishwa na kitu kingine kwa macho. Katika siku zetu imeongezwa elimu ya kupima chembe za urithi. Mambo haya si ya kumalizwa kwa mtazamo mmoja sokoni.

Na sokoni ndiko walikokwenda. Katika miaka ya 1990 na 2000 vinyonga vibete wa Tanzania walisafirishwa kwa wingi kwenda Ulaya na Marekani, ambako watu hupenda kuweka wanyama watambaao majumbani. Aliyejulikana kuliko wote alikuwa brevicaudatus, ambaye wafanyabiashara walimwita kibete mwenye ndevu kwa sababu ya magamba machache yanayoning'inia chini ya kidevu chake. Pamoja naye walikwenda kerstenii, na wengine wa milimani ambao muuzaji hakujua majina yao, wala mnunuzi hakuuliza. Walitiwa katika sanduku moja na kuuzwa kwa jina moja.

Hapo ndipo elimu ya majina inapokutana na kazi ya mfugaji. Kerstenii ni mnyama wa nchi za chini zilizo kavu kiasi, vichaka na nyika, kuanzia kaskazini mashariki mwa Tanzania kupita Kenya hata Somalia na Uhabeshi. Brevicaudatus ni wa misitu ya chini na ya kati: hupatikana katika misitu ya pwani, katika vilima vya Shimba huko Kenya, na katika sehemu za chini za milima kama Usambara na Uluguru. Lakini temporalis ni wa misitu ya milima ya Usambara ya Mashariki, penye ukungu na baridi, naye viridis, ambaye jina lake lina maana ya kijani, ni wa milima ya Upare ya Kusini na Usambara ya Magharibi. Mtu akimpa mnyama wa milimani joto la nyika, mnyama huyo hufa katika muda mfupi. Na akimweka wa nyika katika unyevu usiokoma na hewa isiyotembea, humpatia maradhi ya ngozi na ya mapafu. Asiyejua ni nani aliyemo sandukuni hawezi kujua sanduku liweje.

Wafugaji waangalifu walijifunza mambo hayo kwa hasara nyingi. Waliona kwamba kinyonga mkubwa hufaa kuwekwa katika kizimba kirefu cha wavu kilichojaa matawi, lakini kibete huhitaji upana wa chini kuliko urefu. Kwa jozi moja walitumia sanduku la kioo lenye tundu za hewa ubavuni na wavu juu, la kiasi cha sentimita 40 au zaidi kwa kila upande. Chini yake waliweka udongo wa msituni wenye kina cha vidole kadhaa, ili jike apate mahali pa kufukia mayai, na juu ya udongo wakatandaza majani makavu. Waliotesha mimea midogo hai ishikayo unyevu, na kusimamisha vijiti vyembamba vya kulalia. Kwa aina za msituni walilinda joto lisizidi sana digrii 24 za sentigredi mchana, na kuliacha lishuke usiku, kama lishukavyo mlimani.

Maji hayawekwi katika bakuli, kwa kuwa vinyonga hawa wamezoea kunywa matone yaliyo juu ya majani. Hunyunyizwa asubuhi na jioni, kisha sanduku huachwa likauke kidogo. Chakula ni wadudu wadogo mno: nyenje waliotoka katika mayai siku hizo hizo, nzi wa matunda, mchwa, nao hupakwa unga wa chokaa mara kwa mara, maana mnyama afugwaye huweza kulainika mifupa kwa kukosa chokaa na mwanga wa jua. Madume wawili hawawekwi pamoja. Na lililo kubwa, aina mbili hazichanganywi, hata zikifanana kama pacha, kwa kuwa mgeni huleta vijidudu ambavyo mwenzake hakuvizoea, na hakuna atakayejua tena watoto ni wa nani. Umri wa vinyonga hawa ni mfupi, miaka michache tu, na jike hutaga mayai machache kwa mara moja. Kosa la msimu mmoja, basi, huweza kumaliza kizazi kizima cha sandukuni.

Wakati ambapo wafugaji walikuwa wakijifunza hayo, sheria ilikuwa nyuma. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uitwao CITES, uliwatia vinyonga wa jenasi za Chamaeleo na Bradypodion katika orodha yake ya pili mwaka 1977, yaani wasiuzwe nje bila kibali na hesabu. Vibete hawakutiwa. Hapa kosa la majina lilileta jambo la ajabu: spinosus, yule wa miiba ya pua, alipata ulinzi mapema kwa kuwa alidhaniwa ni wa upande wa vinyonga wakubwa, na jamaa zake waliotoka naye msitu mmoja wa Derema wakabaki nje ya sheria. Hali hiyo ilidumu karibu miaka 40. Vibete walipita bandarini na katika viwanja vya ndege bila kudaiwa kibali cha mkataba huo, na hesabu yao ikabaki katika vitabu vya wafanyabiashara.

Mabadiliko yalianza mwaka 2004. Conrad Matthee, Colin Tilbury na Ted Townsend walitoa uchunguzi wa chembe za urithi za vinyonga vibete wa Afrika, wakaonyesha kwamba hao waliokuwa wakiitwa Rhampholeon kwa jumla ni matawi mawili yaliyoachana zamani sana. Brevicaudatus, kerstenii na brachyurus walipewa jenasi mpya, Rieppeleon, kwa heshima ya mtaalamu Olivier Rieppel. Spinosus naye akaonekana kuwa ni kibete wa kweli, akarudishwa kwa jamaa zake. Waligundua pia kwamba kutengana kwa aina hizi kulifuata kukauka kwa nchi: misitu iliyokuwa imeungana ilikatikakatika katika mamilioni ya miaka, ikabaki juu ya milima ipatayo mvua ya Bahari ya Hindi, na kila mlima ukawa kama kisiwa. Mwaka 2006 vinyonga wakubwa kadhaa wa milima hiyo walitengewa nao jenasi mpya, na jina lililochaguliwa lilikuwa Kinyongia, kutoka neno la Kiswahili lenyewe.

Tangu hapo majina yakafuatana. Mwaka 2006 Jean Mariaux na Tilbury walitoa habari za acuminatus wa milima ya Nguru, beraduccii wa Mahenge, na viridis. Mwaka 2022 Michele Menegon na wenzake, akiwemo Mtanzania John Lyakurwa, waliongeza aina sita kutoka milima ya Tao la Mashariki. Mmoja wao aliitwa rubeho kwa jina la mlima wake, na mwingine waynelotteri kwa kumbukumbu ya Wayne Lotter, mlinzi wa wanyama aliyeuawa Dar es Salaam mwaka 2017. Wanyama hao hawakuwa wageni katika nchi. Walikuwapo siku zote, wamefichwa ndani ya majina ya wengine.

Maana ya jambo hili ni nzito kuliko furaha ya kuongeza majina. Brevicaudatus ana eneo pana, naye hahesabiwi kuwa katika hatari. Temporalis na spinosus wamo hatarini, kwa kuwa misitu yao ni michache. Acuminatus, mwenye kipembe puani, yumo katika daraja la hatari kubwa kabisa. Wakiuzwa wote kwa jina la mwenye ndevu, vitabu vitaonyesha kwamba mnyama mmoja wa kawaida anauzwa, na mlima mmoja utakwisha wanyama wake bila karatasi yo yote kuonyesha upungufu. Hoja ya kufanana huko ilikuwa miongoni mwa zilizotolewa katika mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg mwaka 2016, ambako Kenya ilikuwa mmoja wa waliopendekeza, hata jenasi zote mbili za vibete zikatiwa katika orodha ya pili kuanzia mwezi wa Januari 2017. Mwaka huo huo wa 2016 Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai wa porini kwenda nje.

Amri hizo hazikukomesha tamaa. Mwezi wa Januari 2021 ilitangazwa huko Austria kwamba forodha ya uwanja wa ndege wa Vienna ilimkamata msafiri aliyetoka Tanzania kwa njia ya Uhabeshi akiwa na vinyonga 74 wa milima ya Usambara. Alikuwa amewaficha ndani ya soksi na katika makopo matupu ya malai ya barafu. Walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Schönbrunn, na watatu kati yao hawakupona. Miaka mia moja na thelathini baada ya sanduku la Conradt, mzigo mwingine wa vinyonga ulikuwa umetoka katika milima ile ile, safari hii bila jina wala karatasi.

Wako watu wasemao kwamba ufugaji huweza kuwa wokovu wa aina ambayo msitu wake umekatwa. Mfano uliopo ni wa Malawi. Katika kilima cha Malawi, kusini mwa nchi hiyo, Tilbury alimtambua mwaka 1992 kibete aitwaye chapmanorum. Msitu wake ulikuwa ukifyekwa kwa mashamba, na mwaka 1998 wanyama 37 walichukuliwa, wakaachiliwa katika kipande cha msitu huko Mikundi, umbali wa kilomita 95 hivi upande wa kaskazini. Walishika makao wakazaa. Mwaka 2016 watafiti walirudi kilimani, na ingawa sehemu kama asilimia 80 ya msitu ilikuwa imekwisha tangu miaka ya 1980, waliwakuta wengine wangali hai katika vipande vilivyosalia. Yafaa kuangalia jinsi jambo hilo lilivyofanyika. Walijulikana kwanza ni nani, wakahamishwa kwa hesabu, wakapewa msitu. Sanduku la kioo nyumbani kwa mtu, hata likipangwa vizuri namna gani, ni makao ya mnyama mmoja kwa miaka yake michache, na mara nyingi mnyama huyo ameondolewa katika idadi ya wenzake walio mlimani.

Mwaka 2024 yule wa nchi za maziwa makuu, boulengeri, alichunguzwa upya, na ndani yake wakaonekana aina tano nyingine. Mmoja ameitwa msitugrabensis, ambapo neno la Kiswahili msitu limeungwa na neno la Kijerumani la bonde la ufa. Mwingine ameitwa nalubaale, kwa jina ambalo Waganda huliita Ziwa Viktoria. Na mwingine ameitwa bombayi, kwa heshima ya Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewaongoza wasafiri wa Kizungu katika karne ya kumi na tisa. Kinyonga wa mwaka 1868 alichukua jina la mmoja wa wasafiri. Huyu amechukua jina la mwongozaji. Wanafunzi wa elimu ya viumbe walio katika vyuo vya nchi hizi wana kazi kubwa mbele yao, kwa kuwa vilima vingi havijapitiwa usiku kwa taa, na misitu yake yapungua kila mwaka. Aina iliyokwisha kabla ya kuandikwa haitaonekana katika hesabu ya zilizopotea, wala hapatakuwa na mtu wa kuuliza ilikuwaje.